Kijiti cha Baba

Akida alipofika kwetu mara ya kwanza alipanda juu ya jiwe, akatazama pande zote, akasema hajapata kuona nchi mbaya kama hii. Alisema kwa Kiswahili cha pwani. Wachache walikielewa, kwa hiyo jumbe akatafsiri kwa Kigogo, na yale ya ubaya wa nchi akayaruka. Mimi nilikuwa nimesoma miaka miwili shuleni Mvumi, nikaelewa yote. Nilimchukia hapo hapo, na miaka iliyofuata sikupata sababu ya kuacha.

Nchi aliyoitazama ni vilima vya mawe vilivyosimama kila kimoja peke yake, na katikati yao miiba. Kusini kuna mbuga ya udongo mweusi ambao ukikauka unapasuka hadi ng'ombe anavunjika mguu. Linapita korongo la mchanga ambalo lina maji siku chache kwa mwaka, na siku zilizobaki tunachimba kuyatafuta. Nyumba zetu ni tembe, fupi, paa bapa la udongo, na mgeni anaweza kupita karibu asijue kuna watu mpaka aone moshi. Hatukujenga kwa kubanana. Kati ya tembe na tembe lilikuwako shamba la uwele na nafasi ya kugombana bila kusikiana.

Kabla ya Wajerumani, aliyeshika nchi alikuwa mtemi, mwenye mawe ya mvua. Kila mwaka kabla ya kupanda, watu wake walizunguka mipaka na kufukia dawa, na nchi iliishia pale dawa ilipofukiwa. Kisha akaja bwana shauri, mkubwa wa Kijerumani kutoka boma, na chombo chake cha kupimia cha miguu mitatu, akawauliza wazee nchi yao inaishia wapi. Wakamjibu, inaishia pale mvua yetu inapoishia. Akadhani wanamchezea. Akida akamsimamisha mzee mmoja juani hadi jioni ili akumbuke vizuri zaidi, na jioni mzee akakumbuka yale yale. Basi wakaandika korongo, kwa kuwa korongo linaonekana kwa macho. Upande huu ukawa na jumbe wake na upande wa pili jumbe mwingine, akida juu ya wote wawili, boma juu ya akida. Mtemi hakuandikwa popote. Jumbe wetu zamani alikuwa mpagazi wa misafara, na kipaji chake kilikuwa kusema ndiyo bwana kwa lugha tatu.

Korongo lilipita kati ya tembe yetu na ya baba mdogo, yaani mdogo wake baba. Kwa mara ya kwanza nilipenda kitu walichofanya Wajerumani.

Mama alikufa baada ya kumzaa mdogo wetu wa mwisho. Mavuno ya mwaka ule yalikuwa mazuri, tukamaliza msiba wake kwa pombe nyingi, kila kitu kikafuata njia yake. Baba alikufa mwaka wa njaa, miaka miwili baadaye. Nilikuwa nimeitwa kutoka shuleni tangu alipoanza kushindwa kutembea, nikaacha kibao changu kwa mwalimu, na sikukirudia. Tulimzika zizini, kama anavyozikwa mwenye nyumba. Tulibaki wanne: mimi, dada yangu aliyenifuata ambaye alikuwa anaanza kuitwa mwali, mdogo wetu wa kiume, na yule mtoto wa mwisho, wa kike.

Ila baba alikuwa hajaisha kufa. Kwetu msiba wa mwenye nyumba unaisha kwa pombe. Nafaka inalowekwa, kimea kinaanikwa, pombe inapikwa, wazee wanakaa zizini, na ndugu wa marehemu anatamka mbele yao kwamba fulani amekufa na mwenye nyumba sasa ni fulani. Kabla ya hapo nyumba ni ya marehemu. Ng'ombe ni wake. Mpita njia akiuliza ni kwa nani, anatajiwa jina lake. Na mwaka ule nani angepika pombe? Uwele uliokuwapo tuliula ukiwa haujakomaa, kisha tukala mlenda mtupu bila ugali. Msiba ukabaki wazi.

Baba mdogo hakuutaka usubiri. Alivuka korongo akanikuta nafukia tundu la paa, akasimama chini bila kunisalimu, ikabidi nianze mimi.

"Mbukwa, baba mdogo."

Akaitikia kooni. Akaanza kueleza kwamba nyumba isiyo na mwanamume ni kichaka, kwamba mimi ni mtoto, kwamba ng'ombe sita waliobaki wangenenepa zaidi upande wake. Watoto wawili wadogo wangekaa kwa wake zake, kila mmoja kwa mmoja. Dada yangu alikuwa amekwisha kutafutiwa mume huko Mkonze, mzee mwenye ng'ombe, na ng'ombe wa mahari, alisema, wangetunzwa kwa ajili yetu sote. Alilisema lile neno sote huku akitazama zizi.

Nilimwambia nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe bado hajapikiwa pombe.

"Mpikie basi," akasema, akacheka, kwa kuwa alijua ghala letu lilivyo.

Basi hilo ndilo nililokuwa nalo mikononi: kuzuia wale watatu wasigawanywe kama nyama. Sikuwa na silaha nyingine ila ule msiba wenyewe. Muda wote ulipokuwa wazi, hakuna aliyeweza kurithi.

Ndipo akida akaleta hesabu.

Boma lilitaka kujua wilaya ina watu wangapi. Jumbe alitangaza kwamba kila nyumba ikate kijiti kimoja kwa kila mtu, ifunge kicha, ilete barazani, na karani wa akida ataandika. Akida akaongeza amri mbili. Nyumba iliyoandikwa itakuwa na mkubwa wake, mwanamume mzima, wa kuitwa boma linapomhitaji. Na nyumba isiyo na mwanamume mzima haitaandikwa kama nyumba, watu wake watahesabiwa kwa ndugu wa kiume wa karibu na watakuwa chini yake. Jumbe alipoitafsiri amri ya pili alinitazama. Ng'ambo ya umati baba mdogo alikuwa ananitazama pia. Alikuwa amevuka korongo kuja kusikiliza tangazo lisilomhusu.

Watu waliogopa sana vijiti vile. Kwetu mtu hahesabu watoto wake. Ukimuuliza mama ana wangapi, anakwambia, tupo. Kuwahesabu ni kumwonyesha mwenye njaa mahali chungu kilipo. Kwa hiyo nyumba nyingi zilikata pungufu. Watoto wanyonyao hawakukatiwa, wala wagonjwa, wala wajawazito. Jirani yetu mmoja mwenye wake watatu alileta vijiti vitano, akasema wengine wamekwenda kuchunga. Karani aliandika watano. Nadhani mpaka leo mahali fulani Ulaya iko karatasi inayosema Wagogo walikuwa wachache sana.

Mimi nilikaa chini ya ukuta na kisu nikakata. Kimoja cha dada, kimoja cha mdogo wangu wa kiume, kimoja chembamba cha yule mdogo. Nikakata cha baba, kirefu kuliko vyote. Watu wamenieleza baadaye kwamba nilikuwa mjanja. Sikuwa mjanja. Nilikata cha mama? Sikukata, kwa sababu pombe yake ilikwisha kunywewa. Cha baba nilikikata kwa sababu alikuwamo. Na changu sikukata, kwa kuwa akataye vijiti hajikatii mwenyewe, kama vile mtu hajichimbii kaburi. Vikawa vinne, nikavifunga kwa ugome wa mti.

Barazani karani alivihesabu, akauliza kile kirefu ni cha nani. Nikataja jina la baba. Jumbe, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti, alikuwa ameshika mwenyewe jembe siku ya kumzika. Alijikuna kidevu.

"Baba yako hajambo?" akaniuliza kwa Kigogo.

"Pombe yake haijapikwa," nikajibu.

Akaitikia kwa kichwa polepole. Kwa mtu wa kwetu jawabu lile lilitosha, halikuwa na uongo ndani. Lakini sidhani alinyamaza kwa kuheshimu desturi. Jumbe mwenye nyumba nyingi alikuwa jumbe mkubwa, na yule wa ng'ambo ya korongo alikuwa anamzidi kwa nyumba chache tu. Akamgeukia karani akamwambia, "Mzima, bwana." Nikakisoma kitabu kutoka upande wangu, kichwa chini miguu juu: mwanamume mmoja, watoto watatu. Mimi sikuwamo.

Nilirudi nyumbani nimetulia moyo. Kwa miezi kadhaa baba mdogo hakuvuka. Alisikia nyumba imeandikwa, akadhani imeandikwa kwa jina langu, akawa anauliza watu nimewezaje.

Kisha wakaitwa wanaume wa reli. Tuta lilikuwa limefika upande wa Ihumwa na wenye reli walitaka watu, na boma likafungua kile kitabu. Tulikusanywa, askari wawili wakasimama na viboko, karani akasoma majina. Aliyeitwa alisema nipo, akaenda kusimama upande wa kushoto. Alipolitaja la baba, mwanamke mmoja akafunika mdomo.

Karani akalirudia.

Nilikuwa na muda wa kufikiri, ingawa si mrefu. Nikinyamaza, askari wangeifuata nyumba ya mtoro, na nilikwisha kuona tembe ya mtoro inavyofanywa: paa linabomolewa, ng'ombe wanaondoka. Nikisema amekufa, nyumba haina mwanamume, na baba mdogo yupo pale pale kwenye jiwe, amesimama kwa ncha za vidole. Jumbe alikuwa anatazama miguu yake.

"Nipo," nikasema.

Akida akaniangalia kutoka kichwani hadi miguuni. Nilikuwa sina ndevu hata moja.

"Wewe ndiye baba wa watoto watatu?"

"Ndiyo, bwana."

"Ulianza kuoa ukiwa tumboni?"

Askari wakacheka. Akida alikuwa na majina mengi na jua lilikuwa kali. Alinisukuma begani kwa fimbo kuelekea kushoto, si kwa nguvu, kama mtu anavyomsukuma mbuzi aliyekwisha kuhesabiwa. Nikasikia nyuma yangu baba mdogo ananiita jina langu, lile la kweli. Sikugeuka.

Jioni ile dada alinifungia unga uliobaki. Nilimweleza kwamba nyumba ni ya baba na mimi ndiye baba mpaka nitakaporudi, na kwamba asimfungulie mtu. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Na wewe uko wapi, kaka?" akauliza.

 Nikamwambia achunge ng'ombe karibu.

Kazi ya tuta ni kubeba nchi kutoka mahali ilipowekwa na kuipeleka mahali isipotakiwa. Sururu inavunja, koleo linapakia, karai linakwenda kichwani, mtu anamwaga na kurudi. Tulilala chini ya matawi. Watu waliharisha, na wawili walikufa, wakafukiwa kando ya tuta bila zizi wala pombe. Wenzangu wa kijijini hawakuniacha nipumzike. Waliotoka kwetu walinijua, na haikuchukua siku tatu kundi zima likawa linajua.

"Marehemu, leta karai."

"Marehemu leo anakula sana. Wenzake hawali."

Mmoja wa kundi lile, Mrangi wa Kondoa, mtu wa sala tano, alikataa kulala karibu nami. Alisema kwao mtu akishasaliwa amekwenda, na kujibu jina la aliyekwenda ni kumwalika. Mnyapara aliponipiga kwa kuchelewa, yule Mrangi akamwambia kwa sauti ya upole kwamba anapoteza kiboko chake bure, huyo hasikii maumivu tena. Hata mnyapara alicheka. Mimi sikucheka. Niliwachukia wote, kila mmoja kwa zamu, nikiwa na karai kichwani. Chuki ile ilinisaidia kutembea. Lakini lilipoitwa jina asubuhi, nililiitikia kila siku, na hakuna siku lililokuwa jepesi mdomoni.

Walituachilia baada ya mvua kuanza. Nilipofika nyumbani mlango ulikuwa umefungwa kwa gogo kutoka ndani, na mbele yake palikuwa na alama za miguu mingi. Baba mdogo alikuwa amekuja mara tatu. Mara ya tatu alikuja na yule mzee wa Mkonze, ili amwone mwali. Dada alikuwa amepanda juu ya paa na fimbo ya kuchungia, akawaambia mwenye nyumba yuko kazini kwa serikali, waende wakamposee huko Ihumwa. Mzee wa Mkonze alimuuliza baba mdogo mwenye nyumba gani, si aliambiwa ni yatima? Akarudi kwao amekasirika, na mbuzi wake.

Baba mdogo akanishitaki.

Baraza lilijaa kuliko siku ya hesabu. Akasema yote, na yote yalikuwa kweli: kwamba kaka yake alikufa mwaka wa njaa, kwamba yeye mwenyewe alimtupia udongo, kwamba mimi ni mtoto niliyeidanganya serikali, na kwamba kwa amri ya akida mwenyewe watoto wale ni wake. Alisema vizuri. Alikuwa amevaa nguo safi. Jumbe alipoulizwa alisema yeye watu wake ni wengi, hawezi kukumbuka nani amekufa na nani bado.

Akida akafungua kitabu, akaweka kidole juu ya mstari. Nilimwona anafikiri, na hakuwa anafikiri juu yetu. Kitabu kilikuwa kimekwenda boma na kurudi.

"Hesabu hii bwana shauri ameitia muhuri," akasema. "Wewe unasema bwana shauri ametia muhuri maiti?"

"Sisemi hivyo, bwana."

"Unasema mimi nilipeleka maiti boma?"

"Nasema kaka yangu amekufa, bwana."

Akida akanigeukia. "Jina lako?"

Nikalitaja la baba. Watu walioniona nikizaliwa, walionipakata, walionifundisha kuchunga, walikuwa wamekaa pale wananisikiliza.

"Ulikwenda Ihumwa?"

"Nilikwenda."

"Onyesha mikono." Nikaonyesha. Akamwambia baba mdogo atazame mikono ile, kisha amweleze ni maiti gani huyo anayebeba karai. Baba mdogo akafungua mdomo mara ya tatu, na hilo ndilo kosa lake. Alichapwa viboko kwa kuidharau hesabu ya serikali. Alihesabiwa kwa sauti, na yeye aliyependa kuona wengine wakihesabiwa akawa anauma nguo yake.

Sikumhurumia. Sikumshukuru akida wala jumbe. Hakuna aliyesimama upande wetu siku ile, walisimama upande wa kitabu, na kitabu kilikuwa kimekaa kwa bahati tu juu ya mlango wetu.

Mvua zile zilikuwa nzuri. Uwele ulijaa ghala, na dada akaniuliza kama aloweke kimea. Hapo ndipo nilipoona nilichofunga. Kupika pombe ile ni kukusanya wazee na kutamka mbele ya watu kwamba baba amekufa, na jumbe angesikia, na akida angesikia. Ningekuwa ninasema kwa mdomo wangu yale aliyochapiwa baba mdogo. Nikamwambia asiloweke. Mwaka uliofuata pia nikamwambia hivyo. Niliitwa kazi ya barabara kwa jina la baba, nikaitwa kubeba mizigo kwa jina la baba. Msichana niliyetaka kumposa, wazazi wake waliuliza ni nani anayeposa, mimi au marehemu, kwa kuwa mtu hawezi kumwoza bintiye kwa nyumba yenye msiba. Hawakuwa wabaya. Walikuwa wanauliza tu. Aliolewa Mvumi.

Dada aliolewa na mtu aliyemtaka mwenyewe, wa Ihumwa, na mahari yake ililala katika zizi letu, juu ya baba. Mdogo wetu wa kiume aliota ndevu. Yule wa mwisho alimjua baba kama jina ambalo mimi niliitwa na watu wa serikali.

Kisha vita. Askari walichukua ng'ombe, wakachukua uwele, wakachukua wanaume, na siku moja tukasikia boma liko tupu. Akida aliondoka juu ya punda kuelekea pwani, bila kumuaga mtu. Jumbe alikaa ndani mwake siku nne akisubiri kujua atasema ndiyo bwana kwa lugha gani. Kitabu sijui kilikwenda wapi.

Nilimtumia dada habari, akaja na kapu la uwele aliokuwa ameufukia chini ya mafiga. Akaloweka. Pombe haikujaza hata vyungu viwili, na ilikuwa nyepesi, lakini ilikuwa pombe. Wazee walikuja. Na kwa sababu anayetamka lazima awe ndugu wa marehemu, na ndugu alikuwa mmoja tu, nililazimika kuvuka korongo mwenyewe kwenda kumwita.

Alikuja na kibuyu chake. Akakaa zizini mahali pa mbele, akapewa, akaonja, akaiweka chini. Alituacha tusubiri. Jua lilisogea kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, na wazee walianza kukohoa.

"Nilisema zamani kwamba amekufa," akasema mwishowe. "Nikachapwa."

"Ulisema bila pombe, baba mdogo," nikamjibu.

Mzee mmoja akacheka puani. Baba mdogo alinitazama, na chuki yake ilikuwa nzima, haijapungua hata kidogo, kama yangu. Kisha akainuka, akapuliza pombe juu ya udongo, akalitaja jina la kaka yake, akasema amekufa. Akanitaja mimi, jina langu, akasema mwenye nyumba ni huyu. Alikaa tena, akanyoosha kibuyu ajaziwe.

Dada alimtazama, akageuza chungu ili aone kuwa kimekwisha.